Kentucky ya Koko

Msicheke nikisema nimestaafu. Najua mstaafu mnayemfikiria ana mvi na fimbo, na mimi juzi tu dereva wa basi kaniuliza kama nina kadi ya mwanafunzi. Lakini darasa la Kiswahili la Jumamosi, lile la ukumbi wa chini ya kanisa hapa Dixon, Toronto, nilianza kulifundisha nikiwa bado chuo kikuu, na sasa nimekabidhi funguo. Aliyekabidhi funguo amestaafu. Ninyi mnaozipokea mmeniomba niwaandikie mbinu za kazi. Mbinu zangu ni chache, na nusu yake siziamini. Nilicho nacho ni jimbo moja la Marekani.

Nitafika huko. Kwanza mambo ambayo hamtayapata kwenye kozi yoyote.

Watoto wapewe chakula kabla ya somo, si baada. Mtoto aliyeamshwa Jumamosi, akavishwa koti na viatu vya theluji na kunyimwa katuni zake, hawezi kuipenda lugha yoyote akiwa na njaa. Msiulize "mmeelewa?" Wataitikia "ndiyooo" kwa sauti moja na hakuna aliyeelewa. Mtoto akijibu kwa Kiingereza msimkaripie. Lichukue jibu lake, mrudishie kwa Kiswahili kana kwamba ndivyo alivyosema, kisha songa mbele. Ipo siku atachoka kurudishiwa maneno yake, atayasema mwenyewe. Na mkitengeneza ramani za unga, tieni chumvi mpaka muogope. Sisi mwanzoni tulitia kidogo, na mvulana mmoja, Ezekieli, akala Ziwa Tanganyika lote na sehemu ya Burundi.

Ramani za unga zilikuwa ubunifu wa Mwalimu Dyedone. Huyu alifundisha jiografia Uvira, huko Kongo, kabla vita havijamtoa, na hapa Toronto yuko kwenye kiwanda cha biskuti. Jumamosi alikuja darasani amevaa tai, hata siku ambazo ukumbi ulikuwa baridi na sisi wengine tumejifunika blanketi. Yeye aliamini kukariri. Mimi natoka Morogoro, nimesoma sosholojia, na nilikuwa siwezi kusikia neno "alama ya taifa" bila kuuliza nani aliichagua na nani hakuulizwa. Tuligombana kila wiki mbele ya mandazi. Kazi hii nimeijua kwa kugombana naye.

"Dada Tausi," aliniambia siku moja, "kwanza mutoto ajue bendera ni ya rangi gani. Kisha ndiyo umwambie bendera inadanganya."

Sikumkubalia siku hiyo. Siku hizi namkubalia mpaka nusu.

Kentucky iliingia darasani kwa mlango wa msalani. Mama mmoja wa Kikongo, Mama Mapendo, alikuja kunitafuta saa ya kuvishana makoti. Binti yake Mapendo alikuwa na miaka tisa, mtoto mtaratibu, anayekaa karibu na hita na kuchora.

"Mwalimu, nikuulize. Mapendo anaongeaka Kiswahili hapa?"

"Anaelewa kila kitu, mama."

"Sikuulize kuelewa."

Ndipo akanieleza. Kila Jumapili baada ya ibada, mama yake mzazi anapiga simu kutoka Louisville, Kentucky. Nyumbani kwao wanamwita Koko, ndivyo Wakongo wengi wanavyomwita bibi. Simu ikilia tu, Mapendo anakimbilia msalani, anafunga mlango, anakaa humo mpaka salamu ziishe. Akiwahiwa mlangoni anasema, "I'm good, Koko," na kuirudisha simu kama kitu cha moto.

"Huyu mutoto, Koko ndiye alimubeba mugongoni," Mama Mapendo akasema. "Kule kambini Kigoma nilikuwa mugonjwa sana. Koko ndiye alimulisha, Koko ndiye alimufundisha kutembea. Sasa Koko ananiulizaka, 'Mutoto ananikasirikia nini?' Nimujibu nini?"

Mnajua jinsi faili za ukimbizi zinavyotenganisha watu. Koko alikuwa kwenye faili la mwanawe wa kiume, wakapelekwa Marekani. Mama Mapendo alikuwa kwenye faili la mumewe, wakaja Kanada. Kwa gari ni safari ya siku moja, ukianza alfajiri. Ila hati za huyu zilikuwa hazijatoka, za yule zilikuwa na kasoro, na Koko alishaanza kuumwa magoti hata ngazi zinamshinda. Kwa hiyo ilikuwa simu tu, na simu ilikuwa inafungiwa mlango wa msalani.

Mimi, kwa akili zangu za chuo, nikasema labda tumwache mtoto akue, atakuja kutaka mwenyewe.

"Mutoto atakua," Mama Mapendo akasema. "Na Koko naye atakua?"

Wiki iliyofuata nilimwuliza Mapendo kwa nini anajificha. Alizungusha penseli muda mrefu, akaniambia kwa Kiingereza kwamba hajui la kusema. Nikaona hilo si jibu la mtoto mkaidi. Fikirini wenyewe watu wa kwetu wanavyoongea kwenye simu. Habari za huko, mvua imenyesha, kazi inaendaje, fulani amepona? Mazungumzo yetu yanasimama juu ya mahali. Ukimwuliza mtu habari za mahali usipopajua hata kwa picha, unaishiwa baada ya sentensi mbili. Mapendo hakuijua Kentucky, na kambi iliyomlea hakuikumbuka. Alikuwa anapigiwa simu na sauti isiyo na mahali.

Nikampelekea Dyedone hoja hiyo nikitegemea atabisha. Hakubisha. "Basi tufundishe Kentucky," akasema, na kushika chaki.

Karibu kila mtoto wa darasa lile ana ndugu Marekani: Texas, Iowa, Maine, huko waliko. Tulikubaliana tutayapitia yote, tuanze na la Mapendo. Nikaandika jina ubaoni, na kabla sijageuka Ezekieli akapiga kelele:

"Hiyo si kuku ya kukaanga, ya dukani?"

Darasa likaanguka kwa kicheko. Dyedone akapiga tablo, yaani ubao, kwa kiganja. "Kimya! Kuku ilizaliwa juzi. Jimbo liko la zamani." Akagawa unga, tukafinyanga Kentucky, na hapo ndipo heshima ilipoisha kabisa, kwa sababu jimbo lenyewe, ukilitazama kwa haki, lina umbo la paja la kuku. Jembamba upande mmoja, nene upande wa pili. Hata Dyedone alilegeza tai akacheka. Somo moja kwenu: mtoto akicheka jina la mahali, mwacheni acheke. Hatalisahau tena.

Tukafundisha mji mkuu, Frankfort. Tukafundisha ua la jimbo, la manjano, linaloota ovyo kando ya barabara hata huku kwetu. Ndege wa jimbo, mwekundu mwenye kishungi. Farasi wa mbio. Pango lililo refu kuliko yote yanayojulikana duniani, ambalo mwisho wake hakuna aliyeufikia. Bendera ya buluu iliyokolea, katikati wanaume wawili wanashikana mikono, na maneno ambayo sisi tukiyatafsiri tunayo tayari: umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.

Ezekieli akanyoosha mkono. Shangazi zake wako Iowa.

"Kama utengano ni udhaifu, mbona walitutenga?"

Nilimtazama Dyedone kwa furaha mbaya, kwamba haya, bendera yako hiyo, ijibie. Akajifuta chaki mikononi. "Waliandika," akasema. "Kuandika ni rahisi, mutoto wangu. Ndiyo maana tunasoma, tuwakumbushe."

Juu ya historia tuligombana kweli. Yeye alitaka jimbo lianze pale lilipoingia kwenye Muungano wa Marekani, tarehe, nyota, basi. Mimi nikasema ardhi ile ilikuwa na Washawnee na Wacherokee, na kwamba kaskazini yake kuna mto Ohio, na mto ule si mstari wa ramani tu. Ng'ambo moja mtu mweusi aliuzwa sokoni, ng'ambo ya pili biashara hiyo ilikatazwa. Waliothubutu walivuka. Na kwa kuwa hata huko walifuatwa na kukamatwa, wengine waliendelea kaskazini mpaka Kanada, na wapo waliofika Toronto hiihii. Dyedone aliona ni mzigo mzito kwa watoto. Nikamwambia hawa wamezaliwa kambini, mzigo gani tena. Nikashinda, nikausimulia, huku nikivuta mfereji kwa kijiti juu ya unga.

Kisha Mapendo, karibu na hita, akauliza kwa Kiswahili. Ilikuwa mara ya kwanza niisikie sauti yake kwa lugha hii.

"Na makoko wao?"

"Bibi zao? Wengi walibaki," nikasema.

"Simu ilikuwa?"

"Hapana. Hakukuwa na simu."

Akarudi kwenye ramani yake, akawa anaulainisha ule mto kwa kidole, taratibu, kama mtu anayeufuta.

Sasa sikilizeni tulivyoharibu. Tuliona mtoto amewaka, tukasema moto usizimike. Tukamwandalia kila mwanafunzi maswali ya kumwuliza ndugu yake kwenye simu. Ndege wa jimbo lenu ni yupi? Mji mkuu upi? Umewahi kuona farasi? Mapendo aliondoka anarukaruka. Jumapili simu ilipolia, hakwenda msalani. Aliipokea yeye.

Jumamosi Mama Mapendo alitangulia hata mandazi.

"Mwalimu, mulimufundisha mutoto apitishe Koko ekzame, mutihani hivi?"

Mtoto alikuwa ameuliza yote, kwa Kiswahili safi kabisa, na kwa kila swali Koko alikosa. Alitaja Louisville kuwa mji mkuu, Mapendo akamsahihisha. Ndege hakumjua. Farasi hakuwa amemwona. Kwenye swali la ua la jimbo, Koko alimpa mjomba simu akaenda kulala, mchana kweupe.

"Kwetu mukubwa ndiye anauliza, mudogo anajibu," Mama Mapendo akasema. "Na si hiyo tu. Munajua Koko aliulizwa maswali mangapi katika maisha yake? Kambini walimuuliza mara na mara. Ulizaliwa lini. Kilima chenu kilikuwa na jina gani. Nani alikufa mbele, mume ao mutoto. Ukikosea moja, faili inalala. Kesho yake aliniambia, 'Hata mujukuu wangu amepewa karatasi ya kunihoji.'"

Nimesoma vitabu vizima kuhusu mahojiano ya wakimbizi. Niliviandikia insha, nikapata alama nzuri. Na bado nilimpa mtoto orodha ya maswali amsomee bibi mkimbizi. Dyedone naye, aliyeketi mbele ya meza zilezile kambini, akajibu maswali yaleyale, hakuliona kosa hilo. Aliivua tai kabisa akaikunja mfukoni. Tulikaa pale kwenye viti vya watoto, magoti yakigusa videvu.

"Ageuze," akasema mwishowe. "Mutoto asiulize kitu. Apeleke habari."

"Ampelekee Koko habari za Kentucky? Koko si ndiye anayeishi huko?"

"Anaishi gorofani, Dada Tausi. Nyumba, kanisa, duka, nyumba. Wewe uliijua Toronto mwaka wako wa kwanza?"

Nilikumbuka mwaka wangu wa kwanza: chumba, maktaba, chumba, na jioni moja nimesimama mbele ya rafu ya dukani nikilia kwa sababu nyanya hazikuwa na harufu. Nikaacha kubisha.

Tukamfundisha Mapendo namna ya kuingia upya. Hili lishikeni, lina faida kuliko sarufi: mtoto wa huku anajua kuomba radhi kwa Kiingereza, neno moja, limeisha. Hajui kwamba kwetu unaomba radhi kisha unaleta kitu. Alirudiarudia mbele ya Dyedone mpaka akaweza bila kutazama chini. Jumapili hiyo mama yake alinirekodia sehemu, na niliisikiliza ndani ya basi.

"Koko, unisamehe. Nilikuletea maswali. Leo nakuletea habari."

Kisha sauti ya mwanamke mzee, kavu: "Leta."

Mapendo akaleta pango. Akasema ni refu, na watu wanaingia na taa, na hawajafika mwisho.

"Liko chini ya nyumba yangu?"

"Hapana, Koko. Mbali kidogo."

"Asante Mungu."

Akaleta farasi, wanaokimbia na watu wanavaa kofia kubwa kuwatazama. Koko akauliza wanabeba nini. Hawabebi kitu. Wanalima? Hawalimi. "Wanakimbia tu, hivi hivi?" Hivi hivi. Nikamsikia Koko akicheka, kicheko kirefu kilichoishia kwenye kikohozi, na mtoto naye akicheka, na Mama Mapendo nyuma akisema maneno ambayo sikuyashika.

Wiki baada ya wiki habari zikapelekwa. Kisha, jambo ambalo hatukulipanga, zikaanza kurudi. Koko alimwambia mjukuu wake kwamba amemtafuta yule ndege mwekundu na kuna ndege mwenye kishungi kama alivyoelezwa, anakuja kwenye mapipa ya taka nyuma ya nyumba, lakini si mwekundu, ni wa rangi ya udongo. Mapendo alikuja darasani ana wasiwasi kwamba tumemfundisha uongo. Tukatazama pamoja. Kumbe mwekundu ni dume, na dume ndiye anayewekwa kwenye picha zote. Jike ni wa rangi ya udongo, wekundu wake umejificha mbawani. Mnaweza kukisia nilivyoifurahia habari hiyo, na hotuba niliyotaka kutoa juu ya nani huwekwa kwenye nembo. Dyedone alinikanyaga mguu. Mapendo alikwishapata alichotaka. Alimpigia Koko mwenyewe, wakati wa mapumziko, kwa simu ya mama yake: "Uliona ya kweli, Koko. Ni mama."

Kwa hiyo mkiniuliza kama inafaa kuwafundisha watoto alama za majimbo, nasema bado nina shaka. Ndege, ua na bendera ni vitu vilivyochaguliwa na watu waliokaa mezani, na mtoto anayevikariri anaweza kudhani amepajua mahali. Havikumleta Koko Toronto. Hati bado hazijatoka. Nimewaona wazazi wengine wakitamani binti yao abaki na Kiswahili ili siku moja akitumie nyumbani, na mimi mwenyewe nina mama Morogoro ambaye nikimpigia simu najikuta namsimulia hali ya hewa kama mtangazaji. Sijui kama kuna somo la ubaoni linaloweza kufupisha masafa. Najua tu nilichokiona Jumamosi yangu ya mwisho.

Tulikuwa tunafagia. Watoto wengine wameshachukuliwa. Simu ya Mama Mapendo ikalia, naye alikuwa amebeba sufuria mikono miwili, akaashiria kwa kidevu Mapendo aipokee na kuiweka sauti kubwa mezani. Ilikuwa sauti tu, kwa Koko picha haikubali. Mapendo akaanza: habari ya mto, nadhani, kwamba huwa unafurika majira fulani. Koko akamkata.

"Kentucky nimeisikia. Sasa wewe. Kule kwenu kuko namna gani?"

Mapendo akanitazama, akamtazama Dyedone, na sisi tukatazamana. Mwaka mzima tulimfundisha mahali alipo Koko. Mahali alipo yeye hatukumpa hata neno moja. Hakuna unga, hakuna ua, hakuna bendera. Nilimwona akigeuza macho upande wa msalani, niseme ukweli, niliona kabisa, na mama yake akasimama na sufuria hajaitua.

Mtoto akaichukua simu akaenda nayo mpaka dirishani. Dirisha la ukumbi ule liko juu, usawa wa barabara, hivyo akapanda kiti.

"Koko, naona miguu ya watu," akasema. "Wanapita. Wana viatu vikubwa. Kuna theluji, lakini imekuwa nyeusi. Kuna gorofa. Kuna gorofa ingine. Ndege kubwa inashuka, ile ya watu, iko chini sana, sana, karibu na gorofa. Kuna mama amevaa kitenge, na koti juu. Ameanguka. Hapana, hakuanguka. Anacheka."

Akasita kutafuta neno. Dyedone akafungua kinywa kumpa, nikamshika mkono. Ndani ya simu Koko akakohoa.

"Endelea," akasema. "Niko naona."